Badala ya Kutuambia Tuzunguke, Tuisafishe Njia



Leo naomba tuweke pembeni kidogo hina, udi na vitambaa, tuzungumze jambo lisilo na manukato. Nataka kuzungumza kuhusu njia za chini. Nakusudia zile njia zinazopita chini ya nyumba za watu, pale ambapo chumba cha juu kimeunganisha nyumba mbili, na sisi wapita njia tunapita chini yake kama tunaoingia pangoni. Wenzetu wa Lamu chumba hicho cha juu hukiita wikio. Zamani kiliwasaidia wanawake kwenda nyumba ya pili bila ya kushuka njiani. Hapa kwetu Mji Mkongwe njia za namna hiyo zipo, na kila mmoja wetu anayo moja ambayo akiifikia huongeza mwendo na kuanza kusoma Ayatul Kursiyu.

Hata kama wewe unakaa shamba au ng'ambo, bila shaka unayo njia inayofanana na hiyo: karavati chini ya barabara, ujia nyuma ya ukuta wa skuli, uchochoro kati ya maghala mawili. Mambo yake ni yale yale.

Rai yangu naisema mapema ili tusipotezeane wakati. Njia ambayo wanawake wameacha kuipita usiku ni njia iliyotelekezwa na watu wake, na kutuambia sisi tuzunguke hakuitibu. Inataka globu, chokaa, ufagio na daftari la zamu. Na inataka wanawake wawemo katika kikao kinachoamua mambo hayo, kwa sababu sisi ndio tunaojua panapoumiza.

Kwa nini njia hizi huharibika

Uchochoro wa kawaida una milango. Kila mlango una mwenyewe, na kila mwenyewe asubuhi anafagia kwake. Uchochoro una na baraza pia, na penye baraza hapakosi mtu: mzee anayecheza bao, mama anayechambua mchele, kijana anayeuza kahawa. Watu hawa hawakulipwa kulinda, lakini wanalinda kwa kuwepo tu. Mtoto akidondoka wanamwinua, mgeni akipotea wanamwelekeza, na mwenye nia mbaya akiwaona anapita zake.

Njia ya chini haina mlango, haina dirisha, haina baraza. Wa nyumba ya kulia anasema ni ya wa kushoto, wa kushoto anasema ni ya wa kulia, na anayekaa juu yake haoni kinachopita chini ya miguu yake. Mahali pakishakuwa hapana mwenyewe, kila mtu anapafanyia analotaka. Wa kwanza anaweka mfuko mmoja wa taka, anasema ataupeleka jaani kesho. Paka wanauchana usiku. Wa pili akiona taka zipo anaongeza zake. Wa tatu anageukia ukutani anajisaidia haja ndogo. Baada ya miezi miwili hata jina la njia linabadilika, watu wanaiita kwa harufu yake.

Na maji nayo. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari ni ya boriti za mikoko. Bomba la juu likivuja, maji hayaendi mbali, yanapenya ukutani na kudondoka pale pale tunapopita. Boriti zinaoza, plasta inamwagika, na ardhi haikauki hata wakati wa kiangazi.

Kisha kuna giza. Hata saa 6 mchana, ukitoka juani ukaingia humo macho yanahitaji muda kuzoea, na katika muda huo hujui aliyesimama ukutani ni nani. Usiku ndio usiseme.

Hasara hii inalipwa na nani

Mimi ni fundi wa nguo za harusi. Nilimaliza kidato cha nne, nikasoma ushonaji, nikaanza na cherehani moja ya miguu. Leo, alhamdulillahi, nina wasichana wanne ninaofanya nao kazi. Msimu wetu mkubwa unaanza mfungo mosi, Ramadhani ikishamalizika, na hapo kazi huwa hadi isha na kupindukia. Kutia shanga, kupinda mapindo, kubandika lesi, hizo ni kazi za kulipwa kwa kipande. Unapofanya vingi ndipo unapopata kingi.

Wawili katika wasichana wangu nyumbani kwao ni ng'ambo ya njia ya chini. Kwa muda mrefu walikuwa wakiondoka saa 11 jioni ili wapite kungali na mwanga. Wenzao wawili walibaki hadi isha. Mwisho wa wiki nilipokuwa nikihesabu vipande, nilikuwa naona wazi kwenye daftari langu nani anapita njia gani. Hakuna aliyewapunguzia malipo kwa makusudi. Giza liliwapunguzia.

Hilo ni la pesa. Lipo la dini. Jirani yangu ana watoto wawili, binti wa miaka 11 na kaka yake wa miaka 9. Wote walikuwa wakisoma Qur-ani chuo kimoja, baina ya magharibi na isha. Binti alikuwa mbele, amehifadhi juzuu tatu na ameanza ya nne. Siku moja alirudi analia, kuna mtu alimshika mkono ndani ya ile njia akamwachia alipopiga kelele. Mama yake akamtoa chuoni. Kaka yake akaendelea, kwa kuwa yeye ni mwanamme na anaenda na wenzake. Mwaka haukwisha, mdogo alikuwa ameshampita mkubwa. Mama yule simlaumu hata kidogo, mzazi gani angefanya vingine? Lakini niambieni, dada zangu, mtoto wa kike alipokosa hifdhi yake, dhambi ile tuiandike kwa nani? Kwa yule mtu peke yake, au na sisi mtaa mzima tuliopita pale kila siku tukiziba pua?

Na lipo la harusi. Magari hayaingii ndani ya Mji Mkongwe. Biarusi akishapambwa anatoka kwao kwa miguu hadi barabarani kwenye gari. Nimewaona wasichana wawili wakibeba mkia wa shela juu juu kama wanavuka mtoni, mpambaji ameshika tochi ya simu, somo anamwambia biarusi atazame chini asikanyage, na yule anayetakiwa atembee kwa madaha siku yake moja hii anaruka madimbwi. Nguo niliyoikesha wiki tatu nimewahi kuifuta upindo wake ukumbini kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa. Tunacheka, tunapiga vigelegele, tunaendelea. Lakini si jambo la kuchekwa.

"Zungukeni"

Mambo haya yalipofikishwa kikaoni, mzee mmoja ambaye namheshimu sana aliniambia: "Mwanangu, mwanamke wa heshima anazunguka. Kwani lazima upite hapo?"

Nilimjibu kwa adabu, na hapa narudia kwa urefu.

Kwanza, kuzunguka kwenyewe si salama kama inavyodhaniwa. Njia ya chini ni mwendo wa dakika mbili. Kuzunguka ni dakika 12, unapita penye vespa na pikipiki zisizopunguza mwendo, na taa za huko nazo ni za kubahatisha. Mwambie azunguke bibi mwenye bakora, mjamzito wa miezi minane, au muuguzi anayerudi zamu ya usiku amesimama tangu asubuhi. Maisha yetu si ya kukaa ndani yote. Tunakwenda dukani, kazini, chuoni, msikitini, hospitali, msibani, kumwona mgonjwa. Haya yote ni ya halali na mengine ni ya ibada.

Pili, dini yetu haikuiacha njia bila ya sheria. Wapo kati yetu wanaodhani kuwa adabu ya njiani ni ya mwanamke tu: avae vipi, atembee vipi, asitoke saa ngapi. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Said al-Khudri, radhi za Allah ziwe juu yake, na ikapokewa na Bukhari na Muslim, Mtume swalla Allahu alayhi wasallam aliwatahadharisha masahaba zake na kukaa njiani. Wakasema hawana budi na vikao vyao hivyo. Akawaambia basi waipe njia haki yake. Walipouliza haki yake ni ipi, akawatajia kuinamisha macho, kuzuia udhia, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Angalieni vizuri amri ile ilielekezwa kwa nani. Ilielekezwa kwa waliokaa. Hakuwaambia wapita njia watafute njia nyengine.

Tatu, usafi wa njia si jambo dogo la kuachiwa wafanyakazi wa usafi peke yao. Katika hadithi ya Abu Hurayra iliyomo ndani ya Sahihi Muslim tunafundishwa kuwa imani ina matawi zaidi ya sabini au sitini, na la chini kabisa ni kuondoa chenye kuudhi njiani. La chini kabisa, lakini ni katika imani. Tunayo pia habari ya mtu aliyeliondoa tawi la miba njiani na Allah akamsamehe. Na upande wa pili tumetahadharishwa na jambo linalomletea mtu laana, nalo ni kujisaidia kwenye njia za watu au kwenye kivuli chao. Njia ya chini ni njia na ni kivuli kwa pamoja. Anayejisaidia humo amekusanya yote mawili.

Kwa hiyo anayeniambia nizunguke, mimi namwomba tusaidiane kwanza kuipa njia haki yake. Tukishaipa, anayependa kuzunguka na azunguke.

Tulichokifanya sisi

Nakuelezeni kilichofanyika mtaani kwetu kama kilivyokuwa, na matatizo yake, ili anayetaka kuiga aone na mashimo.

Mara ya kwanza vijana wa mtaa walijitolea siku moja kabla ya Ramadhani. Allah awalipe kheri, walifanya kazi kubwa. Walizoa taka toroli kwa toroli, wakapaka kuta rangi ya mafuta ya kijani, wakapiga picha, tukawapikia pilau. Masika ilipopiga, rangi ikavimba na kumenyuka kwa mabamba. Bomba la juu lilikuwa bado linavuja, na ukuta wa mawe na chokaa ukiufunika kwa rangi ya mafuta au saruji unauziba pumzi. Unyevu hauna pa kutokea, unakula ukuta kwa ndani. Taka nazo zilirudi kabla ya Idd.

Mara ya pili ndipo tulipoingia sisi wanawake. Tunacho kibati chetu, tuko 14, tunachanga kila wiki na kupokezana. Tulimwendea Sheha, tukamwomba na sisi tuwemo kikaoni, kikao kifanywe baada ya alasiri badala ya baada ya isha ili tuweze kufika. Akakubali. Kuanzia hapo maswali yakabadilika. Wanaume walikuwa wakiuliza rangi gani. Sisi tukauliza maji yanatoka wapi, nani atafagia Jumatatu, na umeme utatoka mita ya nani.

Tulianza na bomba. Fundi akafuata maji akakuta ni bomba la choo cha nyumba ya juu. Mwenye nyumba yuko nje ya nchi, mpangaji ana nia njema lakini hana uwezo. Kibati kikatoa nusu, mpangaji akatoa nusu, wakakatana na mwenye nyumba kwenye kodi. Hili peke yake lilichukua mwezi na nusu wa kupigiana simu. Lakini bila ya hili mengine yote yangekuwa kazi bure.

Pili ilikuwa ruhusa. Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, kwa hivyo huwezi kuamka tu ukagusa ukuta. Tukaandika barua, tukashauriwa tupake chokaa. Chokaa inauacha ukuta upumue, na weupe wake unarudisha mwanga. Globu moja kwenye ukuta mweupe inamulika kuliko mbili kwenye ukuta mweusi. Sisi wa kushona tunalijua hilo, huwezi kutia uzi kwenye chumba cha kuta za giza.

Tatu ilikuwa taa, na hapa ndipo palipokuwa na maneno mengi. Kila mtu anataka mwanga, hakuna anayetaka uunganishwe kwenye mita yake. Tukakaa na fundi umeme tukapiga hesabu mbele ya watu. Globu ya LED ya wati 10 ikiwaka saa 12 kila usiku inakula yuniti 3.6 kwa mwezi. Mbili ni yuniti 7.2. Watu wakatazamana, maana kwa maneno ya kikaoni ungedhani tunataka kuwasha uwanja wa mpira. Bibi mmoja anayekaa juu akasema waya upite kwake. Kila mwanzo wa mwezi kibati kinamnunulia Tukuza ya yuniti 10, na kinachobaki ni chake. Sasa anaihesabu ile taa kuwa yake, akiona imezimika anapiga simu kabla yetu.

Nne, daftari la zamu. Nyumba 16 zinazotumia njia ile zimegawiwa siku, kila siku nyumba mbili, na kila nyumba inafikiwa na zamu yake baada ya siku nane. Mnafagia, mnamwaga maji ya dawa, mnatia saini. Daftari linakaa kwenye duka la mwanzo wa njia. Kitu kidogo cha shilingi chache, lakini ndicho kilichobeba kazi yote. Chokaa hupakwa mara moja kwa mwaka, ufagio ni kila siku.

Tano, macho. Mama mmoja anayeuza urojo na kachori tulimwomba ahamishie meza yake kwenye mdomo wa ile njia, pembeni asizibe watu, kuanzia magharibi hadi isha. Yeye kapata wateja, njia imepata baraza. Huyu mama kafanya kazi ambayo taa peke yake isingeiweza.

Sasa matatizo. Globu zimeibiwa mara mbili, mpaka tukazitilia kizimba cha nondo. Kuna nyumba zinazoruka zamu na kusingizia wageni. Kuna vijana wachache ambao bado wanakaa mwisho wa njia na kurusha maneno, na wazee wao wanawaona na kunyamaza. Mvua kubwa ikinyesha maji bado yanaingia kutoka upande wa chini. Hatujamaliza.

Lakini wasichana wangu sasa wanaondoka isha, wanaongozana wawili na simu zao mfukoni. Na yule binti wa jirani amerudi chuoni. Amesahau kiasi, anarudia juzuu ya pili. Kaka yake ndiye anayemsikiliza.

Rangi peke yake haitoshi

Msidhani kuwa haya ni matatizo ya visiwani kwetu tu au ya watu wasio na uwezo. Mjini New York, Marekani, kuna njia ya chini ya ardhi ya waenda kwa miguu inayokwenda kituo cha treni cha mtaa wa 191. Ina urefu wa zaidi ya mita 250. Wakaazi wa hapo walilalamika miaka mingi kwa uchafu, taa mbovu na hofu. Mwaka 2015 serikali ya jiji iliwaleta wasanii wakaipamba kuta zote kwa michoro ya rangi, ikawa watu wanakwenda kupiga picha. Lakini baada ya hapo wengine wakachora juu ya michoro ile, uchafu ukarudi, malalamiko yakarudi. Mwaka 2023 jiji likapaka rangi nyeupe juu ya kila kitu, na wapo wakaazi na wasanii walioumia kwa kuwa hawakushirikishwa.

Mimi nilipoona picha zile nilijisemea, kumbe hata mji wenye pesa zote zile unaweza kununua rangi na ukashindwa kupata zamu. Siku ya kupaka rangi ina picha na pilau. Siku ya 40 baada yake haina kitu ila ufagio. Na mara nyingi, dada zangu, anayeshika ufagio siku ya 40 ni mwanamke. Basi kama kazi ya siku ya 40 ni yetu, na kauli ya siku ya kwanza nayo iwe yetu.

Kazi hii ina wakubwa wake

Wapo wanaoona kuwa kushughulikia njia na mifereji kunamvunjia mwanamke haiba, hasa mwanamke aliyeolewa au anayekaribia kuolewa. Namkumbusha mwenye fikra hizo habari za Bibi Zubayda, mke wa Khalifa Harun al-Rashid. Alikuwa malkia wa dola kubwa, angeweza kumaliza mali yake kwa vito. Aliitoa kwenye visima, mabirika na vituo vya mapumziko vya mahujaji, na akaleta maji Makka. Njia ya mahujaji kutoka Kufa hadi Makka, yenye zaidi ya kilomita 1,400, mpaka leo inaitwa Darb Zubayda, njia ya Zubayda. Kufa kwake ni mwaka 831. Hesabu ni wangapi wamekunywa na kuomba dua tangu wakati huo.

Na kama mali huna, yupo mwanamke mwengine. Katika hadithi iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim anatajwa mwanamke mweusi aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume swalla Allahu alayhi wasallam. Alipofariki watu wakamzika bila ya kumwarifu Mtume, kama waliolidogosha jambo lake. Mtume alipomkosa akamuulizia, akataka aoneshwe kaburi lake, akaenda akamswalia. Jina lake wengi wetu hatulijui. Ufagio wake tunaujua.

Mmoja alikuwa na hazina, mmoja alikuwa na ufagio. Baina ya wawili hao hakuna mwanamke anayekosa nafasi.

Kwako biarusi mtarajiwa

Sasa nazungumza na wewe unayehesabu siku. Najua bajeti zenu kwa kuwa nakaa nazo meza moja. Najua jukwaa linagharimu kiasi gani, najua sare za mashoga, najua keki ya ngazi tano ambayo nusu yake hairudi hata na wageni. Sikwambii usifurahi. Nikikwambia hivyo nitashona nini mimi?

Nakuomba kitu kimoja. Katika orodha yako ongeza mstari mmoja: taa ya njia ya kwetu. Globu mbili, waya, kizimba, na Tukuza ya mwaka mmoja. Kama tulivyoona, yuniti zake ni chache sana, haifiki sehemu ndogo ya maua ya jukwaa. Yafanye kwa nia ya sadaka inayoendelea, wewe na mumeo, au uwatilie nia wazee wako waliotangulia mbele ya haki. Maua yatakauka keshokutwa. Taa ile itamulika shuka la mgonjwa anayepelekwa hospitali, mtoto anayerudi chuoni, na biarusi wa baada yako ambaye hutamjua.

Na ukihamia mtaa wa mumeo, wiki ya kwanza wakikutembeza kukuamkia wakubwa, angalia njia. Uliza nani anafagia, uliza mwanga unatoka wapi. Mke mgeni anayeuliza swali hilo ameshajijengea heshima kuliko mwenye bangili 12.

Kuhusu serikali

Nitaulizwa: kwani hizi si kazi za serikali? Ni kazi zake, na tuendelee kudai. Andikeni barua kupitia kwa Sheha, bakisheni nakala, tieni tarehe, mrudie kuuliza. Mfereji mkubwa, bomba kuu, nguzo ya umeme, hayo hayafanyiki kwa kibati cha wanawake 14. Lakini mtaa uliokwisha kujipanga, wenye daftari la zamu na hesabu zake, ukienda kudai unasikilizwa tofauti na mtaa unaokwenda na malalamiko matupu.

Na kwa baba zetu, ami zetu, kaka zetu na waume zetu: msitutakie hifadhi ya kutufungia mlango tu. Tutakieni na hifadhi ya njia. Mkae barazani kwenu mkiipa haki yake, muwakanye vijana wenu wanaporusha maneno, na zamu yenu kwenye daftari ikifika msimtume mtoto wa kike akutilieni saini.

Dada yangu unayesoma, kesho asubuhi ukipita kwenye njia yako ya chini simama kidogo. Tazama maji yanatoka wapi. Tazama waya wa karibu uko nyumba gani. Kisha wahesabu wanawake watatu unaoweza kuwaamkia jioni mkalizungumza. Sisi tulianza watatu.

Allah atusafishie njia zetu za dunia na atupitishe kwa salama kwenye Sirati. Awahifadhi mabinti zetu waendapo na warudipo, na awabarikie maharusi wote wa msimu huu. Amin.